Nikishindwa kwa Karata Nzuri, Akili Hunitoka

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule moja ya upili hapa Kisumu. Nina umri wa miaka 36, nimeoa, na nina watoto wawili. Naandika kuhusu jambo ambalo huenda wengine wakaliona la kipuuzi, lakini limeninyima usingizi kwa majuma mawili.

Kwa miaka mitatu sasa, kila Ijumaa jioni, marafiki sita tumekuwa tukikutana katika nyumba ya mmoja wetu huko Mamboleo na kucheza poka. Sisemi ile poka ya vijana ya kumaliza karata mkononi na kutangaza "niko kadi". Nasema ile iitwayo Texas Hold'em, ambapo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani zikiwa za wote, na watu wakaweka dau kila hatua. Kila mmoja huingia na shilingi 1,000 na kupewa vibao vya plastiki vya thamani hiyo. Anayeishiwa anaruhusiwa kununua tena. Tunakula samaki, tunataniana, na kufikia saa sita usiku kila mtu amekwenda kwake.

Ijumaa ya majuma mawili yaliyopita nilianza vizuri, na ilipofika saa nne usiku vibao vyangu vilikuwa vimefika 3,200. Ndipo nikapewa ree mbili, yaani karata mbili za A, ambazo ndizo karata bora kuliko zote mtu anazoweza kuanza nazo. Rafiki yangu mmoja, fundi wa umeme anayecheza kwa kubahatisha na kucheka sana, alipandisha dau, nikapandisha zaidi, akapandisha tena, nami nikasukuma vyote. Akakubali bila hata kufikiri. Tulipofunua, yeye alikuwa na wafalme wawili. Karata nne za mezani zilipita bila kumsaidia. Ya tano ikawa mfalme, akawa na wafalme watatu, ambao huzishinda ree mbili.

Mjomba, masikio yaliniwaka moto. Yeye aliruka, akapiga meza, akasema kwamba Mungu hapendi walimu, na wengine wakaangua kicheko. Mimi nikatabasamu, kwa sababu nimeambiwa mara nyingi kwamba mcheza poka hodari huwa na uso wa jiwe. Nikatoa shilingi 1,000 nyingine na kuketi kama mtu asiyeguswa. Tangu hapo sikumbuki vizuri nilivyocheza. Najua kwamba niliingia karibu kila mgao, hata nikiwa na saba na mbili, ambazo mimi mwenyewe huwaambia wenzangu ni za kutupwa papo hapo. Najua pia kwamba nilikuwa nikimwinda yeye tu. Nilijaribu kumtishia kwa dau kubwa nikiwa sina kitu, naye hakutishika, kwa maana sijawahi kumwona akitupa karata tangu nimjue. Ile 1,000 iliisha kwa robo saa. Nikamtumia mwenye nyumba 1,500 kwa M-Pesa, kisha 3,000. Zile 4,500 hazikuwa zangu. Zilikuwa mchango wa chama wa mke wangu, aliokuwa amenitumia mchana ule ili nimpelekee mweka hazina wao Jumamosi asubuhi.

Nilipoishiwa kabisa nilirusha karata, moja ikatua kwenye sahani ya mwenzetu, nikamwambia yule fundi kwamba yeye ni mpumbavu anayelindwa na bahati, na kwamba hata mtoto wa darasa la nne angemshinda. Nilisema hayo mbele ya mke wake, aliyekuwa amekuja kumchukua. Hatujazungumza tangu siku ile, na sisi ni watu tuliosoma pamoja tangu darasa la kwanza.

Jumapili usiku, mke wangu akiwa amelala, nilikopa 2,000 kwa Fuliza nikacheza poka kwenye simu, nia yangu ikiwa kurudisha zile za chama tu. Ziliisha kabla ya saa saba. Mchango wa chama nimeulipa kwa kukopa kwa mwalimu mwenzangu, na mke wangu hajui lolote.

Kinachoniaibisha zaidi ni kwamba mimi ndiye ninayefundisha uwezekano darasani. Mahesabu hayo ninayajua. Kwa nini basi hunitoroka saa ile ninapoyahitaji? Nifanyeje ili niwe mtulivu mezani, au niache mchezo kabisa? Mwenzetu mmoja ananiambia kwamba hata mabingwa wa dunia hulipuka, kwa hiyo nisijilaumu. Na huyu rafiki yangu, nianzie wapi naye?

Mwalimu, Kisumu

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, kwa sababu ina tarakimu nyingi na nilitaka kuzijumlisha kabla ya kukujibu. Karata ile ya tano ilikuchukulia vibao vya 3,200, na kati ya hivyo 2,200 ulikuwa umevishinda usiku uleule. Kwa hiyo fedha ulizotoka nazo nyumbani zikaondoka na mfalme yule ni 1,000. Yote yaliyofuata, yaani ile 1,000 ya pili, zile 4,500 za chama na zile 2,000 za Jumapili, ni 7,500, na mfalme hakuhusika nazo hata kidogo. Ukiulizwa siku moja ni nani aliyekula fedha zako, usimtaje fundi wa umeme.

Wachezaji wa poka wana jina la hali iliyokupata. Huiita tilti, neno lililotoka katika zile mashine za zamani za mchezo wa gololo, ambazo mchezaji hubonyeza vibao viwili vidogo ili kuizuia gololo ya chuma isitumbukie shimoni. Mchezaji akiona gololo inaelekea kupotea, akaitikisa mashine au kuiinamisha, chombo kilichofichwa ndani hutambua, taa huandika TILT, na vile vibao hufa palepale. Gololo huteremka polepole mwenyewe akitazama. Naipenda asili hiyo kwa kuwa imesema kweli kuliko maelezo mengi niliyosikia: mashine haikuwa mbovu, gololo haikuwa na chuki na mtu, na mkono uliozima mchezo ni wa mchezaji.

Sasa tuje kwenye hesabu, nawe unisahihishe nikikosea. Ree mbili zikikutana na wafalme wawili, na fedha zote zikiwa zimeingia kabla ya karata yoyote ya mezani kufunuliwa, ree hushinda takriban mara 82 katika 100. Hilo ndilo dau uliloweka, na lilikuwa dau zuri; ukipata nafasi ileile tena, ningekutaka uliweke bila kusita. Lakini hukukasirika kwa hesabu hiyo. Karata nne zilipokwisha kupita, zilibaki karata 44 zisizoonekana na ndani yake wafalme 2 tu, yaani yeye alikuwa na nafasi 1 katika 22 na wewe takriban 95 katika 100, na kufikia hapo moyo wako ulikuwa umeshazihamisha zile 6,400 za mezani na kuziweka mfukoni mwako. Ya tano ilipokuja ukaona umeporwa. Dau uliliweka kwa 82, lakini kilio ulikilia kwa 95. Ilhali tangu uliposukuma vibao vyako hadi karata ya mwisho hukuwa na uamuzi hata mmoja wa kufanya. Ulikuwa mtazamaji kama mke wa fundi.

Kuna hesabu ya pili, na hii ndiyo naona imekuumiza zaidi bila wewe kujua. Mtu hupewa ree mbili mara 1 katika migao 221. Kwa kasi ya meza ya nyumbani, tuseme migao 25 kwa saa, kwa saa nne au tano, hiyo ni takriban mara moja katika kila Ijumaa mbili. Ndiyo maana anayezipata huzishika kama mtu anayeshika mshahara: amezisubiri majuma mawili na anaamini anazidai. Kwa mwaka utazipata kama mara 25. Hata ukibaki na mpinzani mmoja tu, mwenye karata zozote zile, ree zako zitashindwa kama mara 15 katika 100. Hiyo ni mara tatu au nne kila mwaka, mwaka huu na mwaka ujao, hadi siku utakapouacha mchezo. Mkulima wa Nyando haiulizi mvua ya Aprili kwa nini imemchagua yeye; huinua magunia yake ya mpunga mapema. Wewe umecheza miaka mitatu na bado kila mvua inakukuta magunia yako yakiwa sakafuni.

Umeuliza kwa nini mahesabu hukutoroka. Pita kwenye steji ya bodaboda pale Kondele ukawatazame vijana wanaocheza drafti kwa vifuniko vya soda, au uende mashambani ukawatazame wazee wakicheza ajua, lile bao la Waluo. Aliyeshindwa hunung'unika, hutaniwa, kisha hunyamaza na kumpisha anayesubiri, kwa sababu kila kete ilikuwa mbele ya macho yake na hana wa kumlaumu. Poka imechanganya akili na bahati katika sufuria moja, na mchanganyiko huo humpa mtu hila nzuri sana: akishinda husema ni akili yake, akishindwa husema ni bahati ya mwenzake. Soma tena barua yako. Vibao vilipofika 3,200 uliandika kwamba "nilianza vizuri", kama kwamba karata hazikukusaidia saa hizo mbili tatu za mwanzo. Hasira yako imejengwa juu ya imani kwamba ulistahili, na imani hiyo uliingia nayo mezani, haikuletwa na mfalme. Darasani hutofundisha kamwe kwamba tukio lenye uwezekano wa 82 katika 100 "linastahili" kutokea. Mezani ndipo unapoanza kuamini.

Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walichapisha nadharia iliyoeleza jinsi watu wanavyoamua mambo yenye faida na hasara. Walionyesha kwamba hasara huuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyofurahisha, na pia kwamba mtu ambaye bado hajaikubali hasara yake huwa tayari kukubali dau ambalo kwa kawaida angelikataa. Walitoa mfano wa wanaobeti mbio za farasi, ambao siku inapokaribia kwisha huwaendea farasi wenye nafasi ndogo ya kushinda, kwa kuwa hao ndio pekee wanaoweza kurudisha kila kilichopotea kwa mkupuo mmoja. Saba na mbili zako ndizo farasi hao. Hukuzicheza kwa sababu ulisahau kwamba ni dhaifu. Ulizicheza kwa sababu katika kichwa chako bado ulikuwa na 3,200, na kila mgao ulikuwa safari ya kurudi huko. Mtu aliyekubali kwamba sasa ana 1,000 hucheza karata za mtu mwenye 1,000.

Kuhusu uso wa jiwe, nitasema kinyume na wenzako. Uso mkavu una kazi yake, nayo ni kumnyima mpinzani habari za karata zako, basi. Haupunguzi joto la ndani hata kidogo, na kwa mtu aliyekwisha kuwaka unaweza kuwa mzigo, kwa sababu nguvu anazotumia kushikilia tabasamu ni zilezile alizohitaji kuhesabu. Ungesema tu, "Hiyo imeniuma, nipeni dakika kumi," nadhani ungelala na zile 4,500. Katika marafiki sita wanaokutana kila Ijumaa kwa miaka mitatu, sioni siri gani kubwa uliyokuwa ukiilinda.

Na yule anayekufariji kwa mabingwa wa dunia amekupa nusu ya habari. Ni kweli kwamba Phil Hellmuth, Mmarekani aliyeshinda shindano kuu la World Series of Poker mwaka 1989 akiwa na umri wa miaka 24, amejulikana kwa kufoka anaposhindwa hadi akapewa jina la utani kwa tabia hiyo. Lakini yeye akiishiwa vibao katika shindano kuu hilo huwa ametolewa. Anaweza kupayuka, lakini kiingilio chake kimekwisha na hana M-Pesa ya kumrudisha kwenye kiti kilekile dakika ileile. Hasira yake humwaibisha. Yako ina mlango wazi wa kuingilia mfukoni. Ukitaka mfano unaokufaa zaidi, mtazame Stu Ungar, aliyeshinda shindano hilohilo mara tatu, mwaka 1980, 1981 na 1997. Wengi waliocheza naye walimwona kuwa na kipaji kisicho cha kawaida katika karata. Alichoshinda mezani alikimaliza kwa kubeti farasi na michezo na kwa dawa za kulevya, na alifariki mwaka 1998 huko Las Vegas akiwa karibu hana kitu, mwaka mmoja tu baada ya ushindi wake wa tatu. Sikutishi kwa habari yake. Nataka uone kwamba kuijua karata na kujizuia ni vipaji viwili tofauti, na cha kwanza hakimpi mtu cha pili, kama vile shahada yako ya Hisabati haikukupa.

Sasa basi, nini cha kufanya? Ushauri wangu mkubwa ni kwamba utulivu wa saa nne usiku huamuliwa saa kumi na moja jioni. Mtu ambaye damu imempanda hana uwezo wa kujiwekea sheria. Anachoweza, akiwa na bahati, ni kuifuata sheria aliyojiwekea alipokuwa baridi. Kwa hiyo amua nyumbani, kabla hujavaa viatu, kiasi utakachokubali kukipoteza usiku huo na ukalala. Sisemi kiasi unachoweza kukipata, maana simu siku hizi humpa kila mtu fedha asizokuwa nazo. Kwa mshahara wa mwalimu mwenye watoto wawili, naona kuingia mara moja na kununua tena mara moja, yaani 2,000, ndio mwisho, na hata hizo si kila juma. Zibebe taslimu. Simu mwachie mwenye nyumba aiweke chumbani, au izime uiache kwenye gari la mwenzako, na huduma ile ya Fuliza uifunge kabisa kwa muda. Fedha ya chama isilale katika simu yako hata usiku mmoja. Mke wako amtumie mweka hazina wao mwenyewe, na hilo utamweleza sababu yake, kama nitakavyosema hapa chini.

Umeandika kwamba masikio yaliwaka moto. Hiyo ni sentensi muhimu kuliko nyingine zote katika barua yako, wala usiichukulie kama pambo. Mwili wako ulikupa taarifa kabla ya akili kujua, nawe ukaipuuza ukaenda kutabasamu. Kila mtu ana dalili yake: mmoja hutikisa mguu, mwingine huanza kuweka vibao kwa kishindo, mwingine huacha kuuliza zamu ni ya nani kwa kuwa kila zamu anaiona yake. Yako ni masikio. Basi yakiwaka, hilo liwe agizo la kusimama. Hakuna sheria inayokulazimisha kucheza kila mgao. Ondoka mezani kwa mizunguko miwili. Kwa watu sita hiyo ni migao kumi na miwili, karibu nusu saa. Toka nje hadi langoni, nawa uso, vuta pumzi na kuitoa polepole zaidi kuliko ulivyoivuta, kwa sababu kutoa pumzi kwa utaratibu hupunguza mapigo ya moyo. Ukirudi na bado unamtazama mtu mmoja tu mezani, hujapoa; vaa koti uende nyumbani.

Hilo la kumwinda mtu lina upuuzi wake wa kimchezo pia, na nitalisema kwa ufupi. Kumtishia mchezaji ambaye hajawahi kutupa karata ni sawa na kumnong'oneza kiziwi. Fundi wa namna hiyo hushindwa kwa njia moja tu, nayo inachosha: unasubiri karata nzuri, unaweka dau, anakubali, na mara nyingi unashinda. Ndivyo ulivyofanya kwa ree zako. Watu wa aina yake ndio wanaokupa faida kwa mwaka mzima, na malipo yao ni kucheka mara tatu au nne. Ukikosa uvumilivu wa kumwacha acheke, tafuta mchezo mwingine.

Nunua pia daftari dogo. Usiku ukiisha, andika migao miwili au mitatu iliyokuuma, na kwa kila mmoja ujibu swali hili: ningeona karata za mwenzangu wakati ule, ningeweka fedha zilezile? Kwa ree zako jibu ni ndiyo, kwa hiyo ukurasa huo umefungwa na huna ruhusa ya kuusimulia tena popote. (Kama kuna adhabu kubwa kwa wasikilizaji kuliko hadithi ya mtu aliyeshindwa kwa karata nzuri, mimi sijaisikia, nami nimesikiliza nyingi.) Kwa saba na mbili jibu ni hapana, na huo ndio ukurasa wa kukaa nao. Hukutaja pombe. Ikiwa ilikuwepo, itoe mezani kabla ya kujaribu chochote kati ya haya.

Lakini Mwalimu, yote hayo ni ya Ijumaa, na mimi Ijumaa hainitishi. Kilichonifanya niweke kalamu chini ni Jumapili. Ijumaa ulikasirishwa na kitu kilichotokea mbele yako. Jumapili hapakuwa na mfalme, hapakuwa na kicheko, na siku mbili zilikuwa zimepita. Ulisubiri mkeo alale, ukakopa, ukacheza gizani ili kurudisha. Kukopa, kuficha na kukimbiza hasara vikikutana katika usiku mmoja, jina lake si tilti tena. Poka ya kwenye simu haina mchanganyaji karata anayechoka wala mwenye nyumba anayetaka kulala. Migao huja kwa kasi mara mbili au tatu kuliko ya mezani, na kampuni hukata sehemu yake kutoka kwa dau unaloligombania, ushinde wewe au ashinde mwingine. Ni mahali pabaya kuliko pote pa kumpeleka mtu aliyejeruhiwa.

Kwa hiyo, kwa swali lako la kuacha au kuendelea, jibu langu ni hili: kwa mwezi mmoja usicheze kabisa, mezani wala kwenye simu, na programu hiyo uifute leo. Mwezi huo ni kipimo. Ukipita ukiwa unakosa tu samaki na utani wa Ijumaa, basi wewe ni mtu mwenye hasira ya karata, na niliyokueleza hapo juu yatakutosha. Ukijikuta unahesabu siku, unatafuta fedha kwa siri, au umeirudisha programu usiku "kuangalia tu", basi usijaribu kujifunza utulivu. Acha kabisa, na utafute mshauri nasaha wa kukaa naye uso kwa uso, bila kuona haya, kama ambavyo ungetafuta daktari wa jino.

Mke wako umwambie juma hili, kabla hajaambiwa na yule mwalimu anayekudai au na ujumbe wa simu. Mwambie tarakimu zote: 4,500, 2,000 na deni la mwenzako, bila kupunguza na bila kuanzia kwenye ree mbili, kwa maana yeye hana haja ya kujua ulikuwa na karata gani. Atakasirika, na ana haki. Mpe pia mpango wa kulipa, hata kama ni mia tano tano.

Kwa rafiki yako, usitume ujumbe. Ulimtukana mbele ya mkewe, kwa hiyo nenda kwake siku ambayo mkewe yupo, uombe radhi mbele ya mkewe, na uombe kwa maneno uliyosema, si kwa "mambo ya Ijumaa ile". Usimweleze nafasi ya 1 katika 22. Usimwambie kwamba alicheza vibaya, maana pia si kweli: mtu mwenye wafalme wawili anayekubali dau lote kabla ya karata ya mezani hajafanya kosa ambalo wewe, ukiwa katika kiti chake, usingelifanya. Na yule ambaye karata yako ilitua kwenye samaki wake umwombe radhi pia, ingawa wake huo unaweza kumalizwa kwa kumnunulia samaki mwingine.

Baada ya mwezi niandikie, unieleze kwanza mke wako alisema nini.

Mjomba